Roboti, Gari la Umeme na Kazi Yetu: Somo kutoka Lordstown



Miezi hii, kila tunapotembelea matawi, tunaulizwa swali moja kwa sura mbili. Wachuma chai wanauliza: mashine hizi za kuchumia zinazoletwa, mwisho wake nini? Nao vijana wa viwandani, ambao wanaona bodaboda za umeme zikipita Kampala bila moshi wala ngurumo, na wanajua kwamba Jinja kuna kiwanda cha Kiira Motors cha kuunda mabasi ya umeme, wanauliza: je, hii ni kazi mpya imekuja, au ni kazi ya zamani inaondoka? Tuliahidi kujibu katika ukurasa huu. Sisi si mainjinia. Wengi wetu katika kamati tuliishia shule ya msingi, na tunayoyajua juu ya mambo haya tumeyapata kwa kusoma polepole na kuulizana. Kwa hiyo tutasimulia habari za mahali pamoja tu, kwa urefu, badala ya kutaja mahali pengi kwa haraka.

Mahali penyewe ni Lordstown, kijiji cha jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 1966 kampuni ya General Motors ilifungua hapo kiwanda kikubwa cha magari. Tumepachagua kwa sababu karibu kila jambo ambalo mashine mpya imewahi kumletea mfanyakazi limepita hapo katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Roboti zilikuja, watu wakagoma, miaka ikapita, kiwanda kikafungwa, gari la umeme likaahidiwa na likashindwa, kisha kikaja kiwanda cha betri. Kijana aliyeajiriwa siku ya kwanza akiwa na miaka 20 leo ni mzee wa karibu miaka 80, na ameyaona yote.

Mkono wa chuma

Tuanze na neno lenyewe. Neno "roboti" halikutoka kiwandani, lilitoka kwenye mchezo wa kuigiza. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, aliandika mwaka 1920 mchezo juu ya watu wa kutengenezwa wanaofanya kazi zote za wanadamu, na mwishowe wakaasi. Neno hilo alipewa na ndugu yake Josef. Katika lugha yao "robota" ni kazi ya kulazimishwa, ile ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi bila malipo. Wazee wa Buganda waliofanya luwalo zamani za ukoloni wangeelewa neno hilo bila mkalimani. Tunalitaja hili kwa sababu watu wakisikia roboti hufikiri habari za sayansi tu, kumbe tangu mwanzo neno hili linauliza nani anamfanyia nani kazi, na kwa malipo gani.

Roboti ya kwanza ya kiwandani iliwekwa mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors kule New Jersey. Iliitwa Unimate. Mwenye kuibuni alikuwa George Devol, akisaidiwa katika biashara na Joseph Engelberger. Haikuwa na kichwa wala miguu kama zile za sinema. Ilikuwa mkono mmoja mkubwa wa chuma uliofungwa sakafuni, na kazi yake ilikuwa kutoa vyuma vya moto kwenye mashine ya kalibu. Ile ilikuwa kazi ya kuunguza watu, na hatujasikia mfanyakazi aliyeililia.

Lordstown zilifika mwaka 1970, kiwanda kilipotengenezwa upya ili kuunda gari dogo jipya, Chevrolet Vega. Mikono ya Unimate ilipangwa kando ya mstari kuchomelea mabodi. Mkono huo hauombi ruhusa ya kwenda mazishini, hauendi msalani, na kadi ya chama haukati. Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana wengi hukosea. Wafanyakazi wa Lordstown hawakugombana na roboti. Waligombana na mwendo. Katika viwanda vingine wakati ule ilikuwa kawaida mstari kutoa magari kama 60 kwa saa, yaani dakika moja kwa kila gari. Lordstown mpya ilipangwa kutoa magari 100 kwa saa. Pigeni hesabu: ni sekunde 36 kwa kila gari. Katika sekunde hizo mtu achukue kifaa chake, aingie au ainame, afunge boliti zake, atoke, na gari jingine limekwisha fika. Kwa zamu ya saa nane ni mara mia nane, mkono uleule, boliti zilezile. Roboti ilikuwa imefunga mwendo wa kiwanda, na binadamu aliyesimama mbele na nyuma yake ilimbidi aufuate.

Oktoba 1971 menejimenti ilibadilishwa. Idara mpya ya kampuni ikachukua kiwanda, ikapunguza mamia ya watu, na kazi ya walioondolewa ikagawiwa waliobaki. Mstari haukupunguzwa mwendo. Mtu aliyekuwa na boliti nne akapewa sita, katika sekunde zilezile 36. Chama chao ni UAW, chama cha wafanyakazi wa magari, tawi namba 1112. Malalamiko ya maandishi yakajaa hadi kufika kama 5,000. Magari yalianza kutoka na kasoro. Kampuni ikasema wafanyakazi wanaharibu makusudi, wafanyakazi wakasema hawapewi muda wa kumaliza. Sisi hatusifu kuharibu mali, lakini mtu yeyote aliyewahi kuongezewa kipande bila kuongezewa muda anajua jinsi kazi inavyobaki nusu bila mtu kukusudia.

Wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Mwenyekiti wao wa tawi, Gary Bryner, alikuwa na miaka 29. Walipopiga kura, 97 kwa kila 100 walitaka mgomo, na Machi 1972 walitoka nje kwa siku 22. Waliporudi, wengi wa walioachishwa walikuwa wamerudishwa, na taratibu nyingi za kazi zikawa zimerejeshwa karibu na zilivyokuwa kabla ya Oktoba. Ulikuwa ushindi, lakini si kamili, kwa maana mstari wenyewe haukuacha kwenda mbio na roboti zilibaki palepale. Hawakuwa wameomba ziondolewe. Walichodai ni kuwa na sauti katika mambo mawili: watu wangapi wawekwe kwenye kazi, na kazi kiasi gani kwa mtu mmoja.

Kisa chetu wenyewe

Hapa tunaacha Ohio kidogo, maana sisi pia tuna letu. Miaka kadhaa iliyopita, katika shamba moja la chai la magharibi ambalo hatutalitaja, lori liliingia jioni na mashine za kuchumia. Zile za kushikwa na watu wawili, zenye kiinjini cha petroli na wembe mrefu, majani yanapulizwa ndani ya mfuko. Chama hakikuwa kimeambiwa neno. Sisi tulipata habari kwa mama mmoja mchumaji aliyetupigia simu usiku. Kesho yake meneja akatuambia kwa upole kwamba mashine zimekuja kuwasaidia wafanyakazi, hakuna atakayepoteza kazi. Sisi tukaridhika. Tukampa mkono, tukarudi mjini.

Hakuna aliyefukuzwa, ni kweli. Lakini wale wa vibarua, mikataba yao ilipokwisha, haikuandikwa tena. Na bei ya kilo ya chai ya mashine iliwekwa chini sana kuliko ya chai ya mkono, kwa sababu, walisema, mashine inakata nyingi zaidi. Mwisho wa mwezi mwenye mashine alikuwa amepeleka kilo mara nyingi zaidi kwenye mizani, na bahasha yake ilikuwa ileile au pungufu, na mgongo umekufa kwa kubeba. Tulipokwenda kulalamika tuliulizwa: mnalo andiko gani? Hatukuwa nalo. Tulikuwa na mkono tuliopeana na meneja. Kosa lile lilikuwa letu, viongozi, na tunaliandika hapa ili tawi jingine lisilirudie.

Kule Kenya, Mei 2023, mambo yalikwenda vibaya zaidi. Katika mashamba ya Kericho kulitokea ghasia na mashine za kuchumia chai zikachomwa moto. Uchungu ule tunauelewa kabisa. Lakini mashine iliyoungua hununuliwa nyingine, na aliyekamatwa na polisi hana wa kumlipia mwanasheria. Ndiyo maana tunarudi Lordstown.

Chini ya boneti

Kiwanda kile kiliendelea miaka mingi kikibadilisha magari. Gari la mwisho lilikuwa Chevrolet Cruze. Watu wa Marekani wakawa wanataka magari makubwa, dogo likakosa soko, na zamu zikafungwa moja baada ya nyingine: ya tatu mwanzoni mwa 2017, ya pili katikati ya 2018. Julai 2017 Rais Donald Trump alikuja karibu na hapo, Youngstown, akawaambia watu kazi zitarudi, wasiuze nyumba zao. Machi 2019 Cruze ya mwisho ikatoka na milango ikafungwa. Baadaye mwaka huohuo UAW iligoma siku 40 katika viwanda vyote vya General Motors, na moja ya mambo yaliyotakiwa lilikuwa Lordstown ifunguliwe. Haikufunguliwa. Wengine walihamia viwanda vya majimbo ya mbali, baba huku, mama na watoto kule. Wengine waliona bora kubaki na kutafuta kibarua chochote.

Ndipo likaja neno la gari la umeme. Kabla ya kuendelea tulieleze gari lenyewe, kwa sababu bila kulielewa hamtaona kazi imekwenda wapi.

Fundi wa gereji anajua injini ya petroli. Mafuta yanalipuka ndani ya silinda, pistoni inasukumwa, mhimili unazunguka. Ili hayo yafanyike inahitajika plagi, valvu, pampu ya mafuta, rejeta ya kupoza, oili ya kulainisha, giaboksi ya kubadili mwendo na ekzosi ya kutoa moshi. Ni vitu vingi, na kila kimoja kina kiwanda chake mahali fulani, na watu wake, na pengine chama chake. Gari la umeme halina hata kimoja kati ya hivyo tulivyotaja mwanzo hadi mwisho, isipokuwa kwamba betri nayo huhitaji kupozwa na gia zake chache zinahitaji oili. Lina mota. Waya wa shaba umezungushwa kwenye chuma, umeme ukipita chuma kinakuwa sumaku, mhimili unazunguka. Mwenzetu wa kiwanda cha chai anayeona kila siku mota za feni za kunyaushia majani amekwisha liona gari la umeme, bado kulifungia magurudumu tu.

Kwa hiyo upande wa injini kazi inapungua. Mkuu wa kampuni ya Ford, Jim Farley, alisema mwaka 2022 kwamba kuunda gari la umeme kunahitaji nguvu-kazi pungufu kwa asilimia 40. Hiyo ni hesabu ya mwajiri, na wako wataalamu wanaoipinga, wakisema kazi haipotei sana bali inahama kwenda kwenye betri. Sisi tunaona jambo la kushika hapo ni hilo neno "inahama". Kazi ikihama kutoka kiwanda chenye chama kwenda kiwanda kipya kisicho na chama, hata kama idadi ya watu ni ileile, mfanyakazi ameanza tena sifuri.

Lordstown ilijaribu kwanza njia ya gari zima. Novemba 2019 General Motors iliuza jengo kwa kampuni changa iliyojiita Lordstown Motors, kwa dola milioni 20, bei ambayo kwa kiwanda kikubwa namna ile ni kama zawadi. Kampuni hiyo iliahidi pikapu ya umeme yenye mota ndani ya kila gurudumu. Wanasiasa walipiga picha nayo, na hisa zikauzwa. Mwaka 2021 mkuu wake alijiuzulu baada ya kampuni kukiri kwamba habari ilizotoa za wateja walioagiza magari hazikuwa sawa. Mwaka 2022 jengo liliuzwa kwa kampuni ya Foxconn, na Juni 2023 Lordstown Motors ikafilisika. Magari iliyotengeneza hayakufika hata mia. Tunawaomba vijana wetu wakumbuke hili wanaposikia hotuba za uzinduzi. Kitambaa kikikatwa na mkasi wa dhahabu hakijawa ajira bado.

Betri

Kazi yenyewe ilikuja kwa mlango mwingine. General Motors, pamoja na kampuni ya LG ya Korea Kusini, zilijenga karibu na kiwanda cha zamani kiwanda kipya cha betri kinachoitwa Ultium Cells, kwa zaidi ya dola bilioni mbili. Kilianza kutoa betri Agosti 2022.

Betri ya gari inatengenezwaje? Si kama ile ya tochi. Unga wa madini unachanganywa na dawa ya kuyeyushia mpaka unakuwa uji mzito. Uji huo unapakwa juu ya karatasi nyembamba ya alumini, na uji mwingine wa grafiti juu ya karatasi ya shaba. Zinapitishwa kwenye tanuri refu zikauke, zinakatwa, zinapangwa moja juu ya nyingine na utando katikati ili zisigusane, zinatiwa katika mfuko, na maji ya dawa yanamiminwa ndani. Ukichaji, chembe za lithiamu zinahama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ukiendesha gari, zinarudi, na huo ndio umeme. Mashine na roboti zinafanya sehemu kubwa. Lakini anayechanganya uji, anayesafisha mapipa, anayefungua mashine ikikwama, ni mtu. Na dawa ile ya kuyeyushia inaweza kumdhuru mtu akiivuta au ikimgusa, na ni hatari zaidi kwa mama mjamzito. Betri yenyewe ikishika moto ni kazi kuizima.

Watu wa Lordstown walipokwenda kuomba kazi kiwanda kipya waliambiwa ujira wa kuanzia ni dola 16 na nusu kwa saa. Mfanyakazi wa zamani wa kuunda magari wa kampuni hiyohiyo alikuwa akifikia zaidi ya dola 32. Jibu la kampuni lilikuwa kwamba Ultium si General Motors, ni kampuni nyingine ya ubia, na mkataba wa pamoja wa zamani hauihusu. Ndugu wa mashamba ya chai, hamjawahi kusikia maneno haya? Mnapodai kwa mwenye shamba mnaambiwa ninyi ni wa kontrakta. Ni mchezo uleule, tofauti ni kwamba huku unachezwa kwa mabilioni.

Desemba 2022 walipiga kura kama wanataka chama. Waliosema ndiyo 710, waliosema hapana 16. Mwaka uliofuata wakaguzi wa usalama kazini wa serikali walikitoza kiwanda faini kwa makosa ya kutowalinda watu. Agosti 2023 kukapatikana nyongeza ya kwanza ya ujira. Kisha Septemba 2023 UAW ikaanza mgomo katika kampuni tatu kubwa za magari kwa pamoja, si kwa kutoa watu wote siku moja, bali kwa kufunga viwanda vichache na kuongeza vingine kila walipoona mazungumzo yamelala, ili mwajiri asijue kesho ni zamu ya nani. Tarehe 6 Oktoba chama kilikuwa tayari kukifunga kiwanda cha Arlington, Texas, kinachotengeneza magari makubwa yenye faida nono. Siku hiyo rais wa chama, Shawn Fain, alitangaza kwamba General Motors imekubali viwanda vyake vya betri viingizwe katika mkataba mkuu. Angalieni kilichotokea. Watu wa magari ya petroli ndio waliogoma ili watu wa betri wapate haki. Wangeweza kusema, hao ndio wanaotunyang'anya kazi. Hawakusema hivyo.

Juni 2024 wafanyakazi wa Ultium pale Ohio walikubali mkataba wao wa kwanza, kwa kura 98 kwa kila 100. Ujira utafika dola 35 kwa saa katika miaka mitatu ya mkataba, na wamewekwa wawakilishi wa usalama ambao kazi yao ni hiyo tu. Hiyo ya pili kwetu sisi ina uzito kama ya kwanza.

Tungependa kuishia hapo, lakini habari haikuishia hapo. Septemba 30, 2025, serikali ya Marekani iliacha kutoa punguzo la kodi, hadi dola 7,500, kwa anayenunua gari la umeme. Mwezi uliofuata General Motors ilitangaza kwamba kiwanda cha betri cha Ohio kitasimamishwa kuanzia Januari 2026: watu 550 waachishwe bila tarehe ya kurudi, na 850 wapumzishwe kwa muda. Lakini safari hii hawakukutwa mikono mitupu kama mwaka 2019. Wana chama, wana mkataba unaosema nani anaitwa kwanza kazi ikirudi. Mkataba hauwezi kuleta wanunuzi wa magari. Unaweza kuzuia mtu kutupwa kama ganda la muwa.

Mizani ya Kolwezi

Katika uji ule wa madini tuliousema mna nikeli, manganizi, alumini na kobalti. Kobalti ndiyo inayoileta Lordstown karibu na sisi. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, sehemu za Kolwezi na Likasi, kwa watu wanaozungumza Kiswahili. Nyingi inatoka kwenye migodi mikubwa ya makampuni, yenye mashine na wafanyakazi wa mkataba na wa makontrakta. Lakini wako pia wachimbaji wa mkono, wanaoshuka shimoni kwa kamba na nyundo, wakipandisha mawe kwa gunia. Gunia hupelekwa kwa mnunuzi, naye ndiye mwenye mizani na ndiye anayetamka kiwango cha madini yaliyomo. Malalamiko yao makubwa ni hayo mawili: mizani na kiwango. Mchuma chai hahitaji kuelezwa zaidi.

Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno, na Oktoba mwaka huo ikaanza kuuza kwa mgao. Wakati huohuo zimeenea betri za aina nyingine, za chuma na fosfeti, zisizotumia kobalti hata punje. Kwa hiyo mchimbaji wa Kolwezi naye anakaa juu ya kazi ambayo inaweza kuhama, na yeye, tofauti na mtu wa Ohio, mara nyingi hana karatasi yoyote yenye jina lake.

Hata hapa Kampala jambo hili limekwisha kuanza kwa namna ndogo. Dereva wa bodaboda ya umeme mara nyingi haimiliki betri. Anaibadilisha kituoni na kulipia kila mara, na bei ya kubadilisha huwekwa na kampuni peke yake. Zamani kituo kimoja kikipandisha petroli alikwenda cha jirani. Betri hii haiingii kituo cha jirani. Hatusemi asiichukue, maana wengi wanatuambia matumizi ya siku yamepungua na hewa ni safi zaidi. Tunasema asome karatasi kabla ya kutia sahihi, na wakiwa ishirini wasome pamoja.

Sasa kazi ya vikundi vya kusoma. Kila tawi likae na mkataba wake wa pamoja mezani, si kwa kukumbuka bali wenyewe wa karatasi, litafute mahali unaposema mwajiri akileta mashine mpya atoe taarifa kwa chama siku ngapi kabla. Kama hapapo, hilo liandikwe kuwa dai la kwanza. Litafute kama bei ya kilo au kipande inaweza kubadilishwa na meneja peke yake mashine inapoingia. Litafute kama mtu wa kontrakta anahesabiwa. Viwandani, waulizane ni kazi zipi zinafanywa kwa mwendo wa mashine na ni nani anayeshika swichi ya mwendo huo, kwa jina. Tunataka majibu ya maandishi, hata mistari mitano, hata kwa penseli.

Lile shamba la magharibi tulilolisema linafungua mazungumzo ya mkataba mpya mwezi ujao. Safari hii tunakwenda na mama yule aliyetupigia simu usiku, amekubali kuketi mezani upande wetu, na amehifadhi stakabadhi zake zote za mizani tangu siku mashine zilipoingia. Wachumaji wengine wenye stakabadhi kama hizo, za mkono na za mashine, wampelekee mwakilishi wao kabla ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Hata zilizochanika tutazigundisha.